Upande wa Joto na Upande wa Baridi

Kwa miaka thelathini na minane kazi yangu ilikuwa kuzuia vitu visipate joto. Nimetengeneza friji za hospitali na majokofu ya wauza samaki, na miaka kumi na tisa ya mwisho nilisimamia ghala la baridi la nyama, lile ambalo ukiingia bila koti unatoka meno yanagongana. Nilistaafu nikiwa na vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyokufa ganzi na sifa moja tu ya kujivunia: hakuna nyama ya mtu iliyoozea mikononi mwangu. Kwa hiyo binti yangu aliponikabidhi nyoka wake na kuniambia kazi yangu ni kuhakikisha hapatwi na baridi, nilicheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize kukohoa, akaendelea kunionyesha swichi.

Huyu ndiye kitinda mimba wangu. Kaka zake wawili wana nyumba zao na wake zao, na hunipigia simu mmoja mwanzo wa mwezi na mwingine katikati, kama walinzi wanaopokezana zamu. Yeye ni mpimaji wa maji maabara, hajaolewa, kichwa ngumu, na kwa hilo sina wa kumlaumu maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Alipata kazi ya miaka miwili nchi ya mbali, na chatu hapandi ndege hivihivi. Rafiki yake wa maabara alijitolea kumchukua. Binti yangu akakataa, akamleta kwangu, nami sikumuuliza kwa nini.

Nyoka mwenyewe ni chatu wa ile aina ndogo, urefu wa mita moja na kidogo, unene wa kifundo cha mkono wangu, mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chai. Jina lake Mkanda. Alimpa jina hilo marehemu mke wangu, siku ya kwanza alipomkuta amelala juu ya kiti. "Huyu si nyoka," alisema, "huyu ni mkanda uliokosa suruali." Mke wangu alikuwa na maneno. Mimi ya kwangu niliyabana, kwa sababu ya kwake yalitosha nyumba nzima.

Na hapo ndipo penye shida yenyewe. Mke wangu ndiye aliyekuwa simu kati yangu na binti yetu. Alikuwa akija sebuleni, "Mwanao ana homa," nami nasema, "Mwambie pole." "Mwanao amefaulu." "Mwambie hongera." Anakwenda, anamwambia, anarudi na majibu. Tulilea mtoto hivyo miaka ishirini na sita na hakuna aliyeona kasoro. Alipofariki, miaka mitatu iliyopita, mimi na binti yangu tulibaki tunatazamana kama watu wawili waliokutana kwenye benchi la zahanati, kila mmoja anangoja mwenzake aitwe ndani.

Sanduku la Mkanda ni la kioo, refu kama meza ya kulia, lina mlango wa kuteleza mbele. Chini ya sakafu yake, upande wa kushoto, kuna mkeka mwembamba wa umeme unaotoa joto. Mkeka huo huwashwa na kuzimwa na kidhibiti, kijisanduku cha ukutani chenye waya mrefu, na ncha ya waya huo ndiyo kihisi, kipande cha chuma kidogo kama punje ya mchele kinachopima joto la pale kilipo. Binti yangu alikuwa amekibandika upande wa kushoto, juu ya mkeka, ndani ya chungu kilichopinduliwa, chenye mlango ubavuni, ambamo Mkanda hulala. Kwa hiyo upande wa kushoto ulikaa kwenye nyuzi thelathini na mbili. Upande wa kulia hauna mkeka, una bakuli la maji na chungu kingine, na ulikaa kwenye ishirini na sita, ukipimwa na kipimajoto kidogo kilichobandikwa kiooni.

"Baba, kila kitu gusa," aliniambia. "Hiki kihisi tu usikiguse."

"Mama, mimi nilikuwa nafunga vihisi wewe hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakwambia."

Alipoondoka nikachora karatasi ya kumbukumbu kama ile ya ghalani: tarehe, saa, upande wa joto, upande wa baridi, sahihi. Mara tatu kwa siku nilisoma, nikaandika, nikatia sahihi, ingawa hakukuwa na mkaguzi wa kuja kuitazama zaidi ya mjusi wa ukutani. Na kila Jumapili saa kumi alasiri simu ililia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Mkanda anaendeleaje?"

"Joto thelathini na mbili, baridi ishirini na sita."

"Amekula?"

"Alhamisi. Hakubakiza hata mkia."

"Haya baba. Asante. Mpaka Jumapili."

Dakika tatu. Siku Mkanda alipojivua gamba tulifika sita, kwa sababu alitaka nimweleze kama limetoka zima au vipandevipande. Niseme ukweli, nilikuwa najiandaa kwa dakika hizo tangu asubuhi. Nilinyoa ndevu. Nilivaa shati la kola, na wa kuniona hakuna. Cheka ukitaka, lakini kwa wiki nyingi, siku sita zilizobaki hakuna mtu aliyeniita baba wala kitu kingine chochote.

Maana wageni walikuwa wamekatika. Nilikuwa na mwenzangu wa drafti, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, mtaa mzima unamwita Dereva. Alikuwa akija kila alasiri, tunachuana mpaka mmoja anune. Alipoona sanduku akasema yeye na nyoka hawakai chumba kimoja. Nikamwambia tutacheza jikoni. Akakubali, akaja siku mbili. Siku ya tatu akafungua friza kutafuta barafu, akakutana na panya weupe wanane wamepangwa ndani ya mfuko, chakula cha Mkanda. Hakupiga kelele. Alifunga friza taratibu, akachukua kofia yake, akasema, "Mzee mwenzangu, wewe umeharibikiwa," na huo ukawa mwisho wa drafti.

Nikabaki na Mkanda. Nikaanza kuongea naye. Binti yangu alishaniambia kwamba nyoka hana masikio. Nikamwambia Mkanda afadhali, hata marehemu alikuwa akisema mimi sina, kwa hiyo tutaelewana.

Kipupwe kilipoingia nyumba yangu ikapoa. Sakafu ni ya saruji, madirisha hayafungi vizuri, na mimi mwenyewe nilianza kulala na soksi. Upande wa kulia wa sanduku ukashuka: ishirini na nne, ishirini na tatu, asubuhi moja ishirini na mbili. Upande wa kushoto ulibaki palepale, thelathini na mbili. Nikaitazama karatasi yangu na damu ikaanza kunichemka. Thelathini na mbili huku, ishirini na mbili kule, ndani ya sanduku moja! Ghalani kwangu, chumba chenye joto la namna mbili kilikuwa chumba kigonjwa. Ukikuta kona moja iko chini ya sifuri na nyingine iko juu, hulali, unatafuta mlango unaovuja au feni iliyokufa mpaka chumba kizima kisome namba moja.

Na kuna somo la kwanza ambalo nimewafundisha mafundi wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu: kihisi hakiwekwi mahali pazuri, kinawekwa mahali pabaya kuliko pote. Katika chumba cha baridi mahali pabaya ni karibu na mlango, maana ndiko joto linakoingilia. Kama pale mlangoni pamepoa, basi kote kumepoa, nenda kalale. Sasa mimi nikafikiri: hili ni sanduku la joto. Mahali pake pabaya ni wapi? Ni kona ya baridi. Kumbe binti yangu amebandika kihisi mahali pazuri kuliko pote, kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilimwonea huruma, wallahi. Jumatatu asubuhi nikakibandua, nikakipeleka upande wa kulia, nikakibandika kwenye kona kabisa. Kidhibiti nikakiweka kwenye ishirini na nane, namba ya katikati ambayo nilidhani haiwezi kumdhuru mtu.

Mpaka jioni kona ile ilikuwa imepanda hadi ishirini na tano. Siku ya pili ishirini na sita na nusu. Nilijipongeza peke yangu, nikamwambia Mkanda, "Unaona? Ujuzi hauzeeki." Alikuwa ndani ya chungu chake cha kushoto na hakutoka.

Sasa upande wa kushoto haukuwa na kitu cha kuupima. Kihisi na kipimajoto vyote viwili vilikuwa upande mmoja. Ningeweza kwenda kwenye sanduku langu la vifaa nikatoa kipimajoto changu cha kazi, kiko pale mpaka leo, kimefungwa kwenye kitambaa. Badala yake niliingiza mkono wa kulia, nikagusa sakafu pembeni ya chungu kwa vidole, vilevile viwili vyangu vya ganzi, nikasikia uvuguvugu tu. Nikatoa mkono. Kwenye karatasi, safu ya upande wa joto, nikaandika thelathini na mbili, nikatia sahihi. Miaka yote ile sijawahi kuandika namba ambayo sikuisoma. Niliwahi kumfukuza mtu kazi kwa kosa hilo, baba wa watoto wanne, na sikumsikiliza hata alipolia.

Jumapili simu ikalia saa kumi kamili.

"Joto thelathini na mbili," nikasoma, "baridi ishirini na saba."

"Ishirini na saba? Na kipupwe hiki?"

"Nimerekebisha."

"Umerekebisha nini, baba?"

"Nimefunika nyuma ya sanduku kwa blanketi. Upepo ulikuwa unaingia."

"Hujagusa kihisi?"

"Mama, mimi ni mtoto mdogo?"

Akacheka. Tangu tumzike mama yake sikuwa nimemsikia akicheka, na hapa alicheka kabisa, kile kicheko chake cha kuvuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. "Baba, we' fundi kweli," akasema. Tulifika dakika saba. Aliniuliza hata blanketi lenyewe ni lipi, nikamwambia la bluu. Nilipokata simu nilikwenda kulitafuta lile blanketi la bluu, nikalifunika nyuma ya sanduku, ili angalau nusu ya uongo iwe kweli.

Jumanne nilikwenda kubadilisha maji. Mkanda alikuwa bado ndani ya chungu cha kushoto, siku ya nane sasa, na kwa kawaida huzunguka. Nikafunua chungu, nikamwinua, na mara hii nilimwinua kwa mikono yote miwili. Mkono wa kushoto ulipogusa sakafu niliurudisha kwa kasi. Ilikuwa moto. Si uvuguvugu, ni moto wa sufuria. Nikamgeuza Mkanda tumbo juu. Magamba yake ya tumboni, yale meupe mapana, yalikuwa yamegeuka kahawia kwa urefu wa kiganja, na sehemu moja yalikuwa yamebanduka, panatoka maji. Yeye hakufanya chochote. Alijizungusha kwenye mkono wangu polepole na kukaa hapo.

Nilichomoa waya ukutani kwa nguvu hadi soketi ikacheza. Nikamfunga kwenye shuka safi, nikamtia ndani ya ndoo yenye mfuniko niliyoitoboa matundu kwa bisibisi, nikatoka hivyohivyo, shati nje, kwenda kwa daktari wa mifugo mtaa wa pili. Njiani nilipita mbele ya nyumba ya Dereva. Alikuwa kibarazani kwake, akaitazama ndoo, akanitazama usoni, akanyanyua mkono kidogo. Sikusimama.

Daktari wa mifugo ni mwanamke wa umri wa kaka mkubwa wa binti yangu, amevaa mabuti ya mpira, na foleni yake ilikuwa mbuzi mmoja na mbwa wawili. Nilipofungua ndoo mwenye mbuzi alihama benchi. Daktari alimshika Mkanda bila glavu, akamgeuza, akaguna.

"Huyu ameungua, mzee. Sanduku lake lina joto kiasi gani?"

"Thelathini na mbili," nikasema. Ulimi ulikwenda wenyewe.

"Thelathini na mbili haichomi hata siagi."

Basi nikamweleza. Nilimweleza ghala, na somo la mahali pabaya, na kona ya baridi. Alisikiliza huku anasafisha jeraha kwa maji ya dawa, na sikuona akinicheka. Ingekuwa afadhali angenicheka.

"Kihisi kilikuwa kinangoja kona ya mbali ipate joto," akasema, "na kipupwe hiki haiwezi kufika. Kwa hiyo mkeka haukuzimika hata dakika moja. Pale chini pengine palifika hamsini."

"Lakini kwa nini hakuondoka? Ana akili timamu, mlango wa chungu uko wazi."

"Nyoka akisikia ubaridi mgongoni hukaa palipo na joto, na tumbo lake halimwambii mapema kwamba linaungua. Halafu mzee, hawa hawajitengenezei joto. Wanalifuata. Akitaka joto anakwenda huku, likimtosha anakwenda kule. Zile namba mbili tofauti ndiyo afya yenyewe." Akapaka dawa. "Wewe ulitaka pande zote ziwe sawa. Hakuna anayeishi hivyo."

Akanipa dawa ya kupaka mara mbili kwa siku. Karatasi nyeupe sakafuni badala ya vumbi la mbao. Asilishwe wiki mbili. Akijivua gamba mara mbili tatu huenda ngozi ikarudi, huenda pakabaki kovu, na kama sumu ya kidonda imeingia ndani basi hatapona. Nilimuuliza lini tutajua. Akasema tungoje.

Nilirudisha kihisi kule alikokiweka binti yangu, na alama ya gundi yake ilikuwa bado ipo, kwa hiyo sikuhitaji kupima. Nikatoa kipimajoto changu cha kazi na kuangalia kila baada ya saa moja. Thelathini na mbili, ishirini na mbili. Nikampaka dawa kwa mkono wa kushoto. Kisha nikaenda jikoni kunawa, na hapo kwenye sinki nililia, mtu mzima na ndevu zangu, kwa sababu nilikuwa nimemchoma kiumbe asiyeweza hata kupiga kelele, na nilimchoma kwa ujuaji.

Nitasema na jambo lingine ili nisijifanye mwema. Sikulia kwa ajili ya Mkanda peke yake. Nilikuwa naogopa Jumapili. Nikimwambia binti yangu, atamchukua nyoka wake, na ana haki. Akimchukua, saa kumi ya Jumapili itakuwa na nini? Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumfanya mwanangu anipigie simu, na kitu hicho kilikuwa kimelala juu ya karatasi nyeupe na tumbo lenye kidonda. Nikinyamaza, akapona, hakuna atakayejua. Siku tano nilizunguka na wazo hilo. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini kwangu ilionekana ndefu ya kunitosha.

Jumapili ikafika. Nilinyoa. Simu ikalia.

"Mkanda anaendeleaje?"

Nilikuwa na karatasi mkononi. "Joto thelathini na mbili, baridi ishirini na tatu."

"Imeshuka tena? Blanketi limeanguka?"

"Mama," nikasema, "nimemchoma."

Nikamweleza yote, kuanzia Jumatatu ile. Sikusimama katikati kwa sababu nilijua nikisimama nitapamba.

"Nilikwambia kitu kimoja, baba."

"Ndiyo."

"Kimoja tu."

"Ndiyo mama."

"Na Jumapili iliyopita ukanisomea namba. Ulizitoa wapi?"

"Moja niliisoma. Ile ya joto niliitoa kichwani."

Sauti yake ikawa ndogo. "Kama za mama."

Hapa lazima nieleze. Wiki ile ya mwisho ya mke wangu, binti yangu alikuwa mji mwingine, ana mtihani wa kuthibitishwa kazini. Mama yake hakuweza tena kushika simu, kwa hiyo kwa mara ya kwanza maishani binti yangu alikuwa akinipigia mimi. Kila jioni aliniuliza mama ana joto kiasi gani. Nami kila jioni nilimwambia thelathini na saba, analala vizuri. Ilikuwa thelathini na tisa na nusu. Nilitaka amalize mtihani. Aliumaliza, akafaulu, akafika siku ya mazishi.

"Nilitaka umalize mtihani," nikasema. Miaka mitatu nilikuwa sijalisema.

"Sikukuuliza mtihani, baba. Nilikuuliza mama ana joto kiasi gani."

Nilisema, "Nisamehe, mwanangu." Sijui kama alisikia, maana alisema wakati huohuo kwamba rafiki yake wa maabara angekuja Jumatano kumchukua Mkanda, kisha simu ikakatika.

Rafiki alikuja Jumatano, msichana mpole, akanipa shikamoo na kukataa chai. Nilimwandikia dawa na saa zake kwenye karatasi, nikamwonyesha alama ya gundi ya kihisi, nikamwambia kila kitu aguse ila hicho. Tulibeba sanduku pamoja hadi kwenye gari. Mkanda alikuwa ndani ya ndoo ileile. Nilitaka kumuaga na sikujua unamuagaje asiye na masikio mbele ya mgeni, kwa hiyo nikagonga mfuniko kidogo kwa kidole. Ndani ya nyumba, pale sanduku lilipokuwa, sakafu ilibaki na mraba msafi.

Siku zilizofuata niliamka saa zilezile za kusoma joto na hapakuwa na cha kusoma. Nilitoa panya wote kwenye friza, nikawazika uani, nikaisugua friza kwa sabuni. Nilifikiria kumpelekea Dereva habari kwamba nyumba imetakata. Nilifika mlangoni, nikarudi.

Jumapili nilinyoa, nikavaa shati. Saa kumi simu haikulia. Saa kumi na robo nikaangalia kama ina chaji, ilikuwa nayo. Saa kumi na nusu nikaelewa. Nilikaa nikaitazama ile simu, na hasira ikanipanda, si kwa binti yangu, kwangu mwenyewe, kwa huyu mzee aliyekaa miaka thelathini anangoja watu wamletee habari za mtoto wake sebuleni. Sikuwahi hata siku moja kubonyeza namba yake. Ilinibidi nitafute miwani.

Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. "Baba! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nimepiga tu."

Nilidhani atakata. "Mkanda anakunywa maji," akasema mwishowe. "Kidonda kimekauka. Bado hajala."

"Alhamdulillahi," nikasema, na sisi wawili tukawa tumemaliza yote tunayojua kuongea. Hapo ndipo siku zote yeye husema haya baba, mpaka Jumapili. Nikatafuta kichwani swali ambalo si la nyuzi wala la nyoka, na kichwa kilikuwa kitupu. Nikashika la kwanza lililopita.

"Umekula nini leo?"

"Mkate."

"Mkate na nini?"

"Mkate tu, baba."

"Na wenzako, hawakupika?" Maana nilijua anakaa na wenzake wawili wa kazini. Miezi ya mwanzo niliwasikia nyuma yake, sahani na vicheko, na nilikuwa nikijiambia kwamba mwanangu angalau nyumba yake imejaa watu.

"Wenzangu gani? Walihama mwezi wa tatu."

Nilihesabu. Ilikuwa karibu nusu mwaka. Jumapili ishirini na kitu nimemsomea joto na baridi, amekula, hajala, na yeye yuko peke yake ndani ya nyumba ya watu watatu. Nikasikiliza nyuma ya sauti yake. Hakukuwa na kitu, hata redio.

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Sasa siku kama leo, Jumapili, huwa unaongea na nani?"

"Na wewe," akasema. "Saa kumi."

Nilivuta kiti karibu na dirisha, pale simu inaposhika vizuri, nikakaa. Nikamuuliza wiki yake ilikuwaje. Akasema hakuna la maana, baba, kazi na kulala tu. Nikamwambia mimi nina jioni nzima, hayo yasiyo na maana ndiyo ninayoyataka, aanze na Jumatatu.